Gitaa: Mazoezi Kwanza au Wimbo Kwanza?

Ndiyo kwanza nimetoka zamu tatu za usiku mfululizo, kwa hiyo mkiona sentensi imesinzia njiani, niamshieni.

Mwezi huu nimepata ujumbe wa mama mmoja anayeishi Muscat. Mwanawe wa kiume, miaka 12, anajifunza gitaa kwa mwalimu anayelipwa kwa saa. Mwalimu ni mtu wa msimamo. Tangu shule zilipofunguliwa ni skeli tu, kupanda na kushuka, huku metronomu inagonga tok, tok, tok. Mtoto anataka nyimbo. Sasa kila Jumamosi ikifika, tumbo linamuuma. Baba mtu anasema mwacheni apige anachokipenda, gitaa ni starehe, si mtihani wa taifa. Mama anasema nyumba isiyo na msingi haiezekwi. Anamalizia hivi: "Dada nesi, uliwahi kuandika hapa kwamba umenunua gitaa. Tuamulie."

Dada yangu, umenigusa penye kidonda.

Miaka miwili iliyopita ningekupa ushindi wewe bila hata kumsikiliza shemeji. Mimi ni mtu wa msingi. Stashahada yangu ya uuguzi niliisomea nyumbani, na kwenye chumba cha vitendo tuliyachoma machungwa sindano mpaka chumba kizima kikanukia kama soko la Muheza. Tulitandika vitanda visivyo na wagonjwa mara zisizohesabika, pembe za shuka zikunjwe vilevile, mkufunzi anapita nyuma yetu na macho yake. Nilipokuja Uingereza, nikafanya mtihani wa vitendo wa kusajiliwa na baadaye nikasoma shahada, ni tabia ile ya kurudia na kurudia iliyonivusha. Kwa hiyo nilipolishika gitaa nikiwa na miaka 33, nililishika kama ninavyoingia wodini: hatua kwa hatua, hakuna kuruka.

Gitaa lenyewe ni la mtumba. Nililinunua mwezi wa Aprili kwa mwanafunzi aliyekuwa anahama bweni, na jioni hiyohiyo nikampigia simu Mjomba.

Mjomba, kaka yake mama, yuko Morogoro. Miaka ya sabini alipiga gitaa la ridhimu kwenye bendi moja ndogo ya pale mjini. Wanaoijua Morogoro wanajua maana ya kuwa bendi ndogo katika mji ule. Salum Abdallah na Cuban Marimba walikuwa wameshaupa mji jina kabla hajafariki mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe alikuwa na Morogoro Jazz, bendi iliyofika mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo ya mwaka 1970, na baadaye akawa na Super Volcano yake. Katikati ya majabali hao, bendi ya Mjomba ilipiga kwenye harusi, na kwenye baa wiki ya mshahara. Haikurekodiwa popote, si Redio Tanzania wala kwingine. Ilikuwa na wimbo wake mmoja uliopendwa, wa binti anayesubiri treni ya kutoka Dar, na treni inafika bila mtu wake. Mama aliuimba jikoni wakati anachambua mchele. Sikumbuki kujifunza wimbo ule. Niliukuta tu kichwani, kama nilivyolikuta jina langu.

"Shikamoo Mjomba. Nimenunua gitaa."

"Marahaba, mama. Lete basi! Simamisha simu hapo mezani nikuoneshe ule wa treni. Una kodi nne tu."

(Kodi ndivyo anavyoziita Mjomba zile sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Si kodi ya nyumba, ingawa zote mbili zinaumiza.)

Nikamwambia, "Mjomba, subiri kwanza. Vidole havijawa tayari. Acha nijenge msingi."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Haya, nesi."

Basi nikajenga msingi. Kwenye intaneti kuna zoezi wanaloliita buibui. Vidole vinne vya mkono wa kushoto vinatembea kimoja kimoja, freti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, uzi baada ya uzi, kwenda na kurudi. Freti ni zile nafasi zilizogawanywa na vichuma kwenye shingo ya gitaa. Nilianza na mapigo 60 kwa dakika, na nikawa naandika kwenye daftari kama ninavyojaza chati ya mgonjwa: tarehe, mwendo, dosari. Kutoka 60 nikaenda 66, nikaenda 72. Kufikia Novemba nilikuwa 120, na skeli ya C niliijua hata gizani. Kila Mjomba alipouliza kama vidole viko tayari, nilimjibu bado kidogo.

Siku moja binti yangu, wakati huo miaka 6, alisimama mlangoni akaniuliza kwa Kiswahili chake cha huku: "Mama, hii ni nyimbo ama ni kazi ya shule?" Nikacheka, nikaendelea na buibui wangu.

Tarehe 9 Desemba tukakusanyika Watanzania wa mji wetu kusherehekea Uhuru. Ukumbi wa kukodi, pilau kwenye masufuria ya kuazimana, watoto wanakimbizana chini ya meza. Mtu mmoja akaja na gitaa lake. Jirani yangu, ambaye ukuta wake na wangu ni mmoja, akapaza sauti: "Nesi anapiga! Namsikia kila siku!" Nikapewa kiti. Watu wakageuza viti vyao. Wakataka "Malaika", wimbo ambao kila ukumbi wa Waswahili duniani unaujua, na pale ndipo nilipogundua kwamba baada ya miezi minane sina wimbo hata mmoja. Sina hata nusu. Vidole vyangu vinakimbia mapigo 120 na havijui pa kwenda.

Nilipiga skeli ya C. Kupanda na kushuka. Mzee mmoja alipiga makofi, Mungu ambariki.

Usiku ule nilirudi nyumbani na hasira na nikafanya walichokifanya watu wengi kabla yangu: nikageuka nyuzi 180. Buibui nikamtupa, metronomu nikaifuta kwenye simu. Kuanzia Januari ilikuwa nyimbo tupu. Nilichapa kurasa zenye maneno na kodi zimeandikwa juu yake, nikazibandika ukutani mwa sebule, na siku za mapumziko nilikaa na gitaa saa mbili bila kuinuka. Na ninyi mlioanza kwa nyimbo mnajua raha yake. Unapiga mstari mmoja unaotambulika, mtoto anaimba na wewe, unajiona msanii kamili.

Lakini baada ya wiki sita nilikuwa na nyimbo 11, na zote zilichechemea mahali pamoja: pale kodi ya F inapoingia. Kwa msiopiga, F ya kawaida inataka kidole cha shahada kilale na kubana nyuzi zote sita kwa mpigo. Mimi shahada ninayo, nimeisomea na kuilipia, lakini ile ya kidole ilinishinda. Kila nilipoifikia, wimbo ulisimama, nikapanga vidole kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba, halafu tukaendelea. Kwa sababu nilikuwa na haraka ya kufurahi, nilifidia kwa nguvu. Nilibana shingo ya gitaa kama nimeikamata shingo ya kuku.

Mwishoni mwa Januari nilianza kusikia maumivu kwenye shina la kidole gumba cha kushoto. Sikuyajali. Wiki ya pili ya Februari, saa kumi alfajiri, niko wodini natayarisha dawa, nikashindwa kuvunja ampuli. Ile chupa ndogo ya kioo tunayoivunja mara 20 kwa zamu bila kufikiri. Nilimwita mwenzangu anivunjie. Alinivunjia, hakuuliza kitu, lakini mimi nilitoka jasho. Mikono hii ndiyo inayolipa pango la nyumba huku na ada ya shule ya wadogo zangu kule. Sikuja Uingereza nikaitoe mikono yangu sadaka kwa ajili ya F.

Mtaalamu wa fiziotherapia tunayefanya naye kazi alinitazama nikishika gitaa la hewani mbele yake na akaona tatizo kabla sijamaliza kueleza. Kifundo cha mkono kimekunjwa mno, gumba linasukuma, bega liko juu karibu na sikio. Alinipumzisha wiki mbili. Kisha akanipa jambo la kujaribu ambalo ningelijua mwezi wa kwanza kama ningefundishwa na mtu, si na daftari langu: weka kidole karibu kabisa na kile kichuma, gusa uzi bila kubonyeza, piga, usikie unakwaruza, ongeza nguvu kidogo kidogo mpaka sauti itoke safi, halafu simama hapohapo. Nguvu iliyozidi hapo haina kazi. Nilipigwa na butwaa jinsi nguvu inayohitajika ilivyo ndogo.

Shemeji wa Muscat, hapa ndipo unapopaswa kunisikiliza wewe. Mtoto wa miaka 12 akiachiwa nyimbo tupu, atapata raha, na pengine atapata pia mkao mbaya utakaomkaa miaka 20. Mkao hausahihishwi na mapenzi ya wimbo. Unasahihishwa na mtu anayetazama, polepole, mara nyingi.

Nilipopona nikampigia Mjomba, mwezi wa Machi. Nikamwambia yote, la Uhuru na la ampuli. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema nisimamishe simu mezani.

Nilitarajia aanze na kodi. Hakuanza na kodi. "Mkono wa kushoto laza tu juu ya nyuzi, zizime zote, usibonyeze kitu. Sasa nipe mkono wa kulia peke yake. Usisimame mpaka niseme basi." Akaanza kuimba ule wa treni, kwa sauti yake ya kukwaruza, na mimi nachakacha nyuzi zilizozimwa, chaka, chaka-chaka. Hakusema basi kwa dakika kumi nzima. Nikitaka kuharakisha, anapunguza sauti mpaka nirudi. "Ridhimu ndiyo ngoma ya bendi," alisema. "Ukikosea kodi, watu wataendelea kucheza. Ukisimamisha mkono, watakaa chini."

Nimelifikiria sana somo lile. Lilikuwa mazoezi au lilikuwa wimbo? Hakuna noti hata moja iliyosikika, mkono unarudia kitu kilekile kama mashine, hayo ni mazoezi. Lakini wimbo ulikuwapo tangu sekunde ya kwanza, na mazoezi yale yalikatwa kutoka humohumo kwenye wimbo, si kutoka kitabu cha mtu wa mbali.

Siku nyingine alinisimulia juu ya Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Wimbo wake "Masanga" unapatikana mtandaoni, usikilizeni. Mkono wa kulia anatumia gumba na kidole cha shahada basi, na utaapa wako watu wawili. Mjomba na wenzake walitumia santuri yake kujifunzia. Waliweka sindano, wakasikiliza kipande kifupi, wakainua sindano, wakakitafuta kile kipande mpaka kikapatikana, wakashusha tena. Kipande kimoja wiki nzima, wengine mwezi. Ukiwauliza kama wanafanya mazoezi, wangekujibu wanapiga Masanga.

Na hapa nikiri jambo ambalo mimi kama muuguzi lilipaswa kunijia mapema. Nimefanya kazi wodi ya wagonjwa wa kiharusi. Mgonjwa akitaka kujifunza upya kusimama kutoka kitini, tunamfanyisha mazoezi ya kusimama kutoka kitini. Akitaka kunywa chai mwenyewe, anafanya mazoezi na kikombe. Mwili unajifunza kile unachokifanya, na kile kinachofanana nacho. Mimi nawaambia wagonjwa hivyo mchana, halafu jioni narudi nyumbani namtembeza buibui miezi minane nikitegemea siku moja atageuka kuwa wimbo. Buibui alinifundisha kupeleka kidole kimoja kimoja. Wimbo unataka vidole vitatu viinuke pamoja, vijipange hewani, vitue pamoja, na mkono wa kulia usisimame kuvisubiri. Ni kazi nyingine kabisa.

Machi na Aprili Mjomba alinifundisha ubeti wa kwanza, kiitikio na ubeti wa pili. Kikabaki kipande kimoja. Baada ya ubeti wa pili, gitaa la ridhimu linaziacha kodi na kulijibu gitaa la solo kwa kadonoo fulani kafupi, kama binti anaongea na treni. Mjomba alikapiga mara moja, haraka, akasema hako tutakashughulikia wiki ijayo. Wiki ijayo mimi nikawa na zamu za ziada. Iliyofuata nikawa na mafua. Mwezi wa Mei mke wa Mjomba akanipigia saa tano usiku, na kwa namna alivyoanza kwa kuniuliza hali za watoto nilijua.

Kiharusi. Upande wa kulia.

Mtaniuliza kwa nini sikumrekodi. Simu ilikuwa mbele yangu wiki zote zile. Sina jibu la maana. Nina ujumbe wa sauti mmoja, sekunde 40, anapiga kiitikio na jogoo anawika nyuma yake. Kadonoo kale sina. Miezi minane ya "bado kidogo", miezi miwili ya kujikamua mkono, na kipande ambacho kilikuwa kwenye vidole vya mtu mmoja tu duniani hakina tena vidole.

Maneno yamemrudia, si yote, lakini ya kutania yanamtosha. Mguu unamfikisha kibarazani. Mkono wa kulia ndio mzito. Alipewa zoezi la kuokota maharage kwenye bakuli, moja moja, kuyahamishia bakuli la pili. Mke wake ananiambia hataki. Anasema yeye si kuku.

Sasa nikueleze, dada wa Muscat, ninavyofanya siku hizi, uone kama kuna cha kuchukua. Gitaa limetoka kwenye mfuko wake na linaning'inia ukutani karibu na meza ya chakula, kwa sababu gitaa lililo kwenye mfuko uvunguni ni sawa na gitaa lililoko dukani. Nina wimbo mmoja wa msimu. Nautafuta mahali unaponikwaza, na hapo ndipo mazoezi yangu yanapotoka. Kwenye ule wa treni ni kutoka C kwenda F. Naweka saa ya simu dakika moja, nahesabu ni mara ngapi nimehama kutoka moja kwenda nyingine zikisikika safi. Siku ya kwanza mara 9. Baada ya wiki tatu mara 31. Hapo metronomu nimeirudisha, tena kwa heshima, kwa sababu sasa ina kazi. Hayo ni dakika tano au kumi. Kisha napiga wimbo mzima bila kusimama, nikikosea nakosea, mkono wa kulia unaendelea. Na kabla sijalitundika gitaa napiga kitu ninachokiweza tayari, kirahisi, kwa raha yangu tu. Wiki ya zamu za usiku mazoezi sifanyi, napiga tu au nachakacha nyuzi zilizozimwa. Wanafunzi mnaokaa mabwenini, mkisikilizwa na ukuta, hilo la kuzima nyuzi ni lenu.

Kwa hiyo kwa mwanao, nisingemtoa kwa mwalimu huyo. Ningekwenda kumwomba jambo moja: mtoto achague wimbo mmoja, wowote, hata kama ni wa mchezo wa kompyuta, na skeli za mwezi huo zitoke mahali wimbo huo unapomshinda. Mwalimu mzuri atakubali, wengi wanafanya hivyo. Akikataa kabisa, hapo ndipo ningeanza kuuliza bei za mwalimu mwingine. Na Jumamosi muulizeni mtoto awapigie kitu, si awaonyeshe alichojifunza. Hayo ni maombi mawili tofauti na mtoto anaijua tofauti.

Nyongeza ndogo kwa wauguzi wenzangu: kucha fupi za kazini zinasaidia mkono wa kushoto, ila mkono wa kulia sahauni habari ya kufuga kucha za kudonolea, tumieni nyama ya kidole. Na ile dawa ya spiriti ya mikononi ikikutana na ncha za vidole vilivyochubuliwa na nyuzi za chuma, utamkumbuka kila aliyekukosea. Nyuzi za nailoni ni laini zaidi kwa anayeanza.

Jumapili iliyopita nilimpigia Mjomba. Walikuwa wamemketisha kibarazani, meza mbele yake, mabakuli mawili ya maharage hayajaguswa. Nikamsalimia, nikasimamisha simu, nikaanza ule wa treni. Ubeti wa kwanza. Binti yangu akaja akaimba kiitikio, Kiswahili chake kikiwa na pembe pembe, na Mjomba akatabasamu kwa upande unaotabasamu. Nikaingia ubeti wa pili, na hapo nikaona kitu pembeni mwa kioo cha simu. Mkono wake wa kulia ulikuwa mezani, na vidole viwili vinagonga. Si sawasawa, vinachelewa, lakini vinagonga ridhimu. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na kanga mdomoni.

Nilipofika mahali pa kadonoo nikasimama, kama ninavyosimama siku zote, kwa sababu sina cha kupiga pale.

Mjomba akaguna. Nikadhani amechoka. Akaguna tena, na safari hii niliisikia: ilikuwa sauti ya juu, kisha mbili za kushuka. Alikuwa anakaimba.

Nikazitafuta kwenye shingo ya gitaa. Na hapo, wapenzi wasomaji, niseme kwa haki: nilizipata upesi, kwa sababu ya ile skeli ya C ya kulala na kuamka. Vidole vilijua kila noti inakaa wapi. Noti ya kwanza, G. Ya pili nikakosea, akatikisa kichwa. Nikarudi, ikawa E. Akaguna inayofuata. Tulikaa dakika 25 tukapata noti sita, na kwa anavyosema mkono wa kulia ukipata nafuu atanionyesha zilizobaki, na kama haukupata atanigunia.

Nikaunganisha zile sita na ubeti wa pili, nikapiga kuanzia mwanzo. Nilipomaliza nikamtazama.

"Kwenye F umekimbia," akasema, neno moja moja. "Tena."